Dada yangu ataka kunilipia sindano za uso kabla ya harusi ya binti yangu

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 52, mkaazi wa Likoni. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huko kisiwani, na kutwa nzima macho yangu yako kwenye kompyuta na makaratasi ya forodha. Nina mume na watoto watatu. Huyu wa kwanza, binti yangu, anaolewa baada ya Idi ya Mfungo Tatu. Alhamdulillahi, mkwe ni kijana wa watu na mipango inakwenda. Kinachonikosesha raha ni uso wangu.

Miaka michache hii kope zangu za juu zimeanguka, ya kushoto zaidi. Paji la uso nalo limejaa makunyanzi, mistari mirefu ya kulala ambayo poda haiifichi, inaionyesha tu. Haipiti siku bila ya mtu kuniuliza: "Umelia?" "Jana hukulala?" Wifi yangu alinambia mbele ya wageni kwamba nimezeeka kumshinda mama yake. Nikacheka nao, lakini neno lile limenikaa.

Asubuhi huwa afadhali. Nikitoka kuoga hujitazama kwenye kioo nikaridhika kidogo. Ikifika alasiri ndipo kope hulemea, mpaka nainua kidevu ili nisome kilichoandikwa kwenye skrini, na paji la uso linauma. Kwenye feri ya jioni mara nyingine taa za ng'ambo naziona mbili mbili. Miwani yangu ni ya zamani, nitaibadilisha harusi ikipita. Kwa sasa kila shilingi ina kazi yake.

Dada yangu anaishi Muscat. Ni mkubwa wangu, lakini tukikaa pamoja watu humdhania yeye ndiye mdogo. Alipokuja Ramadhani alinieleza siri yake: kila miezi minne huchomwa sindano za Botox, dawa ya kulainisha makunyanzi, na chini ya macho amejazwa fila, ule ute wa kujaza ngozi iliyobonyea. Anasema hiyo ndiyo zawadi yake kwa mama harusi. Atanilipia paji lote la uso, na kope zitavutwa kwa nyuzi au kwa ile kalamu ya moto. Ameshanitafutia mwanamke hapa Mombasa ambaye huja nyumbani na mkoba wake. Wateja wake ni kina mama wa Nyali na Kizingo, na wakikusanyika wanne watano bei hushuka. Hata ikishuka, ni ada ya muhula mzima ya kitinda mimba wangu. Siku imeshapangwa, wiki mbili kabla ya usiku wa kupamba.

Nilipomwambia binti yangu alikasirika. "Nataka mamangu niliyemzoea," akasema, na akaongeza kwamba ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Mume wangu nilimuuliza akanijibu, "Fanya unaloona," kisha akarudi kwenye taarifa yake ya habari. Sijui ndiyo ameridhia au hajali.

Mshauri, usiku wa kupamba huwa ni wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, na macho yote yako kwa bi harusi na mama yake. Sitaki kuonekana kama niliyetoka matangani. Lakini naogopa sindano, naogopa dhambi, na naogopa kumvunja moyo dada yangu, ambaye tangu mama yetu afariki ndiye amekuwa mama kwangu. Nifanye nini?

Mama Harusi, Likoni

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, dadangu, na hongera. Mungu awajaalie wanao masikilizano, na wewe uifikie siku hiyo na afya yako.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Nikikuelewa vizuri, unaniuliza kama uipokee zawadi ya dadako, na pia unaniuliza kimyakimya kama mama wa miaka 52 ana haki ya kutaka kupendeza. Hilo la pili nitalifikia. Lakini katikati ya barua kuna maneno uliyoyapitia mbiombio, ukaisingizia miwani, ukaenda zako. Mimi nimekwama hapo.

Kope asubuhi ni afadhali, alasiri zinalemea. Ya kushoto imeanguka kuliko ya kulia. Na jioni taa unaziona mbili mbili. Mimi si daktari wa macho, na barua haipimi mtu, kwa hivyo usitoke hapa umejipa jina la ugonjwa. Ila ninalojua ni kwamba makunyanzi hayamfanyi mtu aone taa mbili. Leo ukiwa kwenye feri, ukiziona tena, ziba jicho moja kwa kiganja. Kama zikibaki mbili hata kwa jicho moja, huenda kweli ni miwani au ukungu wa mtoto wa jicho. Kama zinarudi kuwa moja, basi macho mawili hayatazami pamoja, na hilo ni la kumpelekea daktari bila ya kungoja harusi.

Kope huinuliwa na msuli mwembamba sana. Kwa watu wengi wa umri wetu kano ya msuli huo hulegea polepole, au ngozi iliyo juu yake huzidi na kuning'inia. Hayo ni ya kawaida, na hata hayo huonekana zaidi jioni mtu akishachoka. Lakini uko ugonjwa uitwao miasthenia gravisi, ambao kinga ya mwili huvuruga mawasiliano baina ya neva na misuli. Msuli ukitumika huishiwa nguvu, ukipumzika hurudi. Mara nyingi huanzia machoni: kope kuanguka, kuona vitu viwili, asubuhi nafuu na jioni taabu. Una vipimo vyake, vikiwemo vya damu, una dawa zake, na watu huishi nao. Sukari pia inaweza kuidhuru neva ya jicho, na tezi ya shingoni nayo ina visa vyake na macho. Huenda ukapimwa usikutwe na lolote kati ya haya. Nitafurahi.

Nang'ang'ania jambo hili kwa sababu Botox kazi yake ni kukata mawasiliano yaleyale baina ya neva na msuli. Ndiyo maana msuli wa paji la uso hutulia na mstari ukalainika. Mwenye miasthenia akichomwa dawa hiyo, udhaifu unaweza kuzidi, na si wa kope peke yake, hata wa kumeza na kupumua. Daktari makini huuliza habari hizi kabla hajafungua chupa. Huyo mwenye mkoba atakuuliza?

Sasa tuje kwenye makunyanzi yenyewe, maana hapa nadhani mmeyaweka mambo mawili kwenye kapu moja. Fanya hivi mbele ya kioo, iwe saa za alasiri. Funga macho, uulegeze uso, bana nyusi kwa vidole ili zisipande, kisha fumbua macho. Ukiona yanafunguka nusu, ujue kwamba kwa muda mrefu paji lako la uso limekuwa likifanya kazi ya kope. Limesimama kama mtu anayeshikilia kwa mikono pazia lililokatika kamba. Ile mistari mirefu ni jasho la kazi hiyo, na maumivu ya jioni pengine yanatoka hapohapo. Ukimlegeza huyo mshikaji kwa sindano, mistari itapungua, ndiyo, na pazia litashuka. Utaingia kwenye usiku wa kupamba na paji nyororo na macho yaliyofumba zaidi kuliko leo. Huenda dadako sindano zilimfaa kwa sababu kope zake zilikuwa nzima tangu mwanzo. Nyinyi ni ndugu, lakini nyuso ni mbili.

Sitaki ufikiri kwamba naichukia dawa hii. Ilianza kama dawa ya macho. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitafutia njia ya kutibu makengeza bila ya kisu, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha itumike kwa makengeza na kwa macho yanayojifumba yenyewe. Mke na mume madaktari wa Vancouver, Jean na Alastair Carruthers, waliona kwamba wagonjwa wa macho waliochomwa hupungukiwa pia na mikunjo baina ya nyusi, wakaandika habari hizo mwaka 1992. Idhini ya kuitumia kwa urembo huko Marekani ilikuja 2002. Katika mikono inayojua, kwa mtu anayefaa, ni tiba yenye historia. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, hukamilika kama wiki mbili, na huisha baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hivyo dadako hakukudanganya. Ila sijui kama mmezungumza ni nani atakayelipa raundi ya pili, harusi ikishapita na ada za shule zikirudi.

Madhara yake yanayojulikana, hata kwa mwenye afya, ni dawa kusambaa mpaka kwenye msuli wa kope, na kope kuanguka kwa wiki kadhaa mpaka nguvu yake iishe. Hakuna cha kuirudisha nyuma siku ileile. Na nyinyi mmepanga wiki mbili kabla ya shughuli! Hata angekuwa na kope imara kama za msichana, mtu hajaribu sindano ya kwanza maishani karibu na siku ambayo haiwezi kusogezwa.

Fila ni kitu kingine. Nyingi hutengenezwa kwa ute uitwao asidi ya haialuroniki na hukaa miezi mingi. Hatari yake ambayo ni nadra lakini nzito ni kuingia kwenye mshipa wa damu. Ngozi inaweza kufa mahali hapo, na mshipa ukiwa ni wa kuelekea machoni mtu anaweza kupofuka. Anayeichoma anatakiwa awe na dawa ya kuiyeyusha mezani pake na ajue kuitumia kwa dakika, si kwa kupiga simu. Nyuzi nazo huvuta nyusi au mashavu, haziukazi msuli wa kope uliolegea. Na kalamu ya moto inachoma ngozi kwa vidoadoa ili ijikunje. Kwenye ngozi zetu nyeusi na maji ya kunde, kila jeraha la moto lina hatari ya kuacha doa jeusi, na kama kwenu kuna mtu aliyetogwa sikio likaota keloidi, yaani kovu nene lililovimba, ndiyo kabisa.

Kuhusu huyo mwanamke wa mkoba sitazunguka: hapo ndipo hofu yako iko mahali pake. Botox ni dawa ya daktari, inatakiwa ikae baridi, baina ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, na huchanganywa kabla ya kutumiwa. Joto letu unalijua. Dawa ikisafirishwa kwenye mkoba kutoka Nyali hadi Kizingo, hakuna ajuaye imebaki na nini, na kina mama watano wakigawana chupa sebuleni, hakuna anayeona kilichoandikwa juu yake. Mwaka 2024 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kwamba watu 22 katika majimbo 11 walidhurika baada ya kuchomwa sindano za aina hii, zikiwemo za bandia, nyingi na watu wasio na leseni au mahali pasipo pa tiba kama vile majumbani. Kumi na moja kati yao walilazwa. Na huko ni Marekani, penye kila kitu. Hapa kwetu, daktari yeyote anatakiwa awe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, na si utovu wa adabu kumuuliza jina lake kamili ukamtafute humo, wala kumwambia akuonyeshe boksi la dawa na tarehe ya mwisho kabla hajalifungua. Akiona umemvunjia heshima, umeshajua.

Tuseme umemwona daktari wa macho, na jibu likawa ni kope zilizolegea kwa umri tu. Upasuaji mdogo wa kope hufanywa kwa ganzi ya mahali, mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa mtu ambaye kope zinamziba kuona, hiyo ndiyo njia inayogusa chanzo. Lakini ni kisu: kuna uvimbe na michubuko ya wiki mbili hivi, macho yanaweza kukauka, upande mmoja ukashinda mwingine, na wakati mwingine hurudiwa. Siuoni ukiingia kabla ya harusi yako. Yako pia matone ya oksimetazolini ambayo Marekani iliyaidhinisha mwaka 2020, huinua kope kwa saa kadhaa. Daktari ndiye wa kukwambia kama yanakufaa. Tafadhali usijaribu kuyafananisha na dawa ya pua yenye jina hilohilo, haikutengenezwa kwa macho.

Au unaweza usifanye lolote usoni mwaka huu. Nalo ni chaguo, wala si la woga. Mpambaji hodari anajua kuifungua sura kwa wanja na rangi, na hayo yanafutwa kabla ya kulala. (Kwa huyo huyo mpambaji, ukimwona anakusogezea krimu ya kung'arisha uso, kataa. Zile zenye zebaki au steroidi huchakaza ngozi, na steroidi karibu na macho inaweza kuleta presha ya macho.)

Upande wa dini sitajitia ushehe. Nitakwambia tu kwamba swali utakalompelekea shehe hulijui bado. Wanazuoni wengi hutofautisha baina ya kujibadilisha kwa urembo na kuondoa dosari au kutibu, na husimulia habari za sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akaruhusiwa na Mtume kuvaa pua ya dhahabu japo dhahabu ni haramu kwa wanaume. "Nataka kuondoa mikunjo" na "kope zinanizuia kuona, daktari ashauri zinyanyuliwe" ni maswali mawili, na huenda yakawa na majibu mawili. Mpelekee lililo lako, baada ya kupimwa.

Na kutaka kupendeza? Hilo sioni aibu yake. Umemlea binti mpaka umemfikisha hapo, unataka siku hiyo watu wakuone una furaha kama ulivyo moyoni. Ninalokuuliza ni kama wanaokwambia "umelia?" wanasema umezeeka, au wanaona kitu kwenye macho yako wasichoweza kukitaja. Wifi namtoa humo. Yule alisema alichosema.

Binti yako huenda amekasirika kwa sababu ameogopa. Maneno ya dini alikuja nayo ya pili, mwanzo alisema anataka mama aliyemzoea. Mweleze habari ya taa mbili, uone kama hatakuwa wa kwanza kukushika mkono kwenda hospitali. Mumeo naye, badala ya kumuuliza ruhusa, muulize ushahidi, na isiwe wakati wa taarifa ya habari. Yeye ndiye anayekuona usiku. Kope zimeanza lini? Sauti yako inabadilika jioni? Unachoka ukitafuna? Mtu aliyeshindwa kutoa maoni anaweza kuwa na majibu mazuri akiulizwa alichokiona.

Dadako mpigie wewe mwenyewe, asisikie kwa watu. Humkatalii zawadi, unambadilishia mahali pa kuitumia: daktari wa macho, vipimo vitakavyotakiwa, miwani mpya. Kikibaki kitu, mshonee dera la kupamba mlingane. Akisisitiza, msomee barua yangu hii sehemu ya miasthenia. Anayekupenda kiasi hicho hatataka kuwa ndiye aliyelipia.

Kama wakati wowote kope ikianguka ghafla pamoja na kichwa kuuma vikali, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au ukashindwa kumeza, kusema au kupumua vizuri, usingoje miadi. Nenda kitengo cha dharura saa ileile.

Vinginevyo anza wiki hii na kliniki ya macho, iwe ya hospitali kuu ya pale Makadara au nyingine unayoiamini. Beba kitambulisho chako na picha za zamani, daktari apate kulinganisha kope zilikuwaje. Kila siku jipige picha mbili kwa simu, moja ukiamka na moja ukitoka kazini, uso umelegea na nyusi zimetulia. Ukipiga simu kuomba nafasi, omba ya alasiri. Wakikupa ya asubuhi ichukue, lakini mwonyeshe zile picha za jioni, kwa sababu saa mbili asubuhi kope zako zitakuwa zimepumzika na anaweza asizione zinavyokutaabisha.